Peku Si Siri ya Mbulu

Kila mwanariadha wa Mbulu au Hanang anaporudi na medali, hadithi ile ile huanza upya: alichunga ng'ombe peku, alipanda na kushuka vilima peku, ndiyo maana anakimbia. Kutoka hapo watu huruka moja kwa moja hadi kwenye hukumu. Kiatu ni mzigo, mguu mtupu hauna hata gramu moja ya ziada, basi mtoto aachwe akimbie hivyo hivyo. Ni hadithi tamu, lakini ni uvivu wa kufikiri, na wanaoulipia ni wanafunzi wanaopangwa kwenye mstari wa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, wakiwa na miguu mitupu, au na raba za mitumba zilizokufa soli.

Sifa ya wilaya hizi si ya kubuni. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Gabriel Geay, mzaliwa wa Tlawi, alikimbia marathoni ya Valencia ya Desemba 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Geay hakuingia barabara za Valencia na mguu mtupu.

Wanaoabudu peku humkimbilia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu kwa saa 2:15:16. Tokyo 1964 huwa hawaitaji. Huko Bikila alivaa viatu, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akashinda tena kwa saa 2:12:11. Ni kweli kwamba njia zilikuwa tofauti na miaka minne ilikuwa imepita, hivyo si haki kukipa kiatu dakika zote tatu. Lakini shujaa wao mkuu, alipokwenda kutetea taji lake, alivaa. (Mexico 1968 Bikila alijitoa njiani, na John Stephen Akhwari wa Mbulu, goti likiwa limefungwa bendeji, akamaliza wa mwisho kwa saa 3:25:27. Anayetafuta siri ya Mbulu aanzie hapo, aache nyayo za watu.)

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, waliwapima wanaume 12 waliozoea kukimbia peku. Waliwabandika vipande vyembamba vya madini ya risasi miguuni, wakabandika vingine kwenye viatu, kisha wakapima oksijeni waliyotumia. Kila gramu 100 zilizoongezwa kwenye kila mguu zilipandisha matumizi kwa takriban asilimia 1. Mtetezi wa peku angepiga makofi hapo. Asiharakishe. Raba nyepesi za gramu 150 hazikumgharimu mkimbiaji zaidi ya mguu mtupu, na uzito uliposawazishwa, aliyevaa raba alitumia nishati pungufu kwa asilimia 3 hadi 4. Maelezo yao ni kwamba sponji hupokea kishindo. Asiye na sponji hukipokea kwa misuli, na misuli inadai oksijeni.

Kwamba kilicho chepesi zaidi si lazima kiwe nafuu, wacheza tenisi waligundua zamani, tena kwa risasi hiyo hiyo. Anayeanza huuziwa raketi nyepesi kabisa kwa ahadi kwamba haitamchosha. Kweli inazunguka haraka, lakini ikikutana na mpira wa kasi inasukumwa nyuma, inatetemeka, na mkono ndio unaofidia. Pete Sampras alitwaa mataji 14 makubwa kwa raketi iliyokaribia gramu 400, iliyobandikwa risasi kuongeza uzito, ilhali raketi nyingi za dukani huwa karibu na gramu 300. Wachezaji wengi wa ngazi hiyo huchagua raketi nzito ambayo uzito wake umeelemea kwenye mpini, isiwaburute wanapoizungusha. Aliyewahi kulima Dongobesh anaweza kujipimia: pungia jembe ukiwa umeshika mwisho wa mpini, kisha lishike karibu na chuma upunge tena. Kilo ni zile zile. Bega litatoa jibu tofauti.

Mguu nao unazunguka. Gramu zilizokaa kwenye unyayo hugharimu kuliko gramu hizo hizo zikikaa kiunoni. Ndiyo maana katambuga ya tairi, inayomfaa mchungaji kwenye miiba ya Yaeda Chini, ni adhabu kwenye mbio. Ila kuziondoa gramu hizo zote si ushindi. Maabara hiyo ya Boulder ilipopima kiatu cha Nike chenye sponji mpya na bamba la kaboni, matokeo yakitoka mwaka 2017, ilivisawazisha viatu vyote uzito kwanza. Faida ya takriban asilimia 4 ya nishati ilibaki pale pale. Anayeona asilimia hiyo ni ndogo akumbuke marathoni ya Boston ya 2023: Geay aliachwa na mshindi, Evans Chebet, kwa sekunde 10 tu.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Utafiti wa Daniel Lieberman wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wakimbiaji wa Kenya waliokulia peku hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kishindo chao ni kidogo. Basi mtoto acheze peku kwenye nyasi za Basotu kadiri apendavyo. Mguu wake utapata nguvu na akili. Mafunzo hayo hayaifanyi changarawe ya uwanja wa wilaya iwe nyasi.

Utasikia pia kwamba viatu ni ghali. Kile cha Nike kiliingia sokoni kwa dola 250, na hakuna mwenye akili anayemtakia mwanafunzi wa Haydom kitu hicho. Raba laini isiyo nzito, iliyobana kisigino na yenye sponji ambayo bado inarudi ukiibonyeza kwa kidole gumba, hupatikana mnadani kwa mvumilivu wa kupekua mitumba. Mwalimu wa michezo aende na mizani ndogo ya jikoni. Na kamati inayopitisha bajeti ya jezi na nauli iongeze mstari mmoja wa raba, badala ya kumwachia mzazi.