Mwanafunzi wa Kidato cha Sita na Siasa za Dunia

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na familia zinapoanza kujadili tahasusi, sisi mapadre huulizwa swali lile lile kwa sauti ya masikitiko: huyu mtoto aliyechagua Historia, Jiografia na Lugha atakula nini? Tangu mwaka 2024, orodha ya tahasusi ilipopanuliwa kufikia 65, kuchagua kumekuwa kugumu zaidi, lakini dharau kwa masomo ya jamii haijapungua. Tungependa kulitetea eneo moja la masomo hayo, yaani siasa za dunia. Katika shule zetu halina kitabu chake peke yake. Limegawanywa kati ya Historia ya kidato cha tano na cha sita na lile somo la jumla ambalo kwa miaka mingi wanafunzi wameliita GS, na ambalo wengi wao hulisoma wiki ya mwisho kabla ya mtihani.

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya mabalozi. Tarehe 7 Oktoba 2023, kundi la Hamas liliposhambulia kusini mwa Israel, miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kwa mafunzo ya kilimo kwa vitendo. Mwezi Januari mwaka huo huo, Serikali yetu ilikuwa imethibitisha kifo cha kijana mwingine, aliyekwenda Urusi kwa masomo, akahukumiwa kifungo, kisha akakubali kupigana upande wa kundi la Wagner kwa ahadi ya kuachiwa huru. Aliuawa Ukraine mwezi Oktoba 2022. Hatusemi kwamba somo la darasani lingewaokoa. Wale wawili wa kwanza hawakuwa na kosa lolote. Hata hivyo, wapo vijana wetu wanaomaliza kidato cha sita na kupanda ndege kwenda nchi ambazo hawajui zinapigana na nani wala kwa nini. Mzazi anayemwandalia mwanawe sanduku na hati ya kusafiria afikirie pia jambo hilo.

Tatizo halimo katika mitaala peke yake, limo pia katika namna tunavyosoma. Darasani mwanafunzi hukariri sababu tano za Vita Baridi na athari sita za utandawazi, akaziandika, akapata alama, akazisahau. Akitoka nje hukuta mjadala wa kijiweni, ambako Marekani, Urusi na China hushangiliwa kama Simba na Yanga, na video fupi ya simu ndiyo mwamuzi wa mwisho. Kati ya kukariri na kushangilia, kufikiri hakupati nafasi.

Tuchukue mfano mmoja unaofaa kujadiliwa kwa kipindi kizima. Tarehe 25 Februari 2022, Urusi ilitumia kura yake ya turufu kuzuia azimio la Baraza la Usalama kuhusu uvamizi wa Ukraine. Suala likapelekwa katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako hakuna turufu, na tarehe 2 Machi mataifa 141 yaliunga mkono azimio la kulaani uvamizi huo, 5 yakapinga, 35 yakajizuia. Sasa mwanafunzi aitazame Afrika Mashariki. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Kwa nini majirani wanaouziana mahindi na kuoana waligawanyika hivyo? Kenya ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama wakati huo, na balozi wake, Martin Kimani, alikuwa ameeleza siku chache kabla kwamba Waafrika nao walirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, lakini wakachagua kutoibadili kwa vita. Tanzania ilisimama katika desturi yake ya kutofungamana na upande wowote, iliyoanzia enzi za Mwalimu Nyerere.

Hapo ndipo mwalimu mzuri angeuliza zaidi. Mwalimu Nyerere huyo huyo, mwezi Desemba 1965, alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, huku akijua kwamba nchi yake changa ingepoteza msaada wa fedha. Kutofungamana hakukuwa kunyamaza. Kujizuia kupiga kura kunaweza kuwa busara, na kunaweza pia kuwa woga au hesabu ya mbolea na ngano. Kijana wa miaka kumi na minane ana uwezo wa kupima hayo akipewa ushahidi na muda. Na akitaka kujua uzito wa turufu kwa Mtanzania, asome habari za mwaka 1981, pale Dkt. Salim Ahmed Salim alipozuiwa na Marekani kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, wakati China nayo ikimzuia Kurt Waldheim, hata nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Kanisa halikuwahi kuyaona mambo haya kuwa ya wengine. Mwezi Oktoba 1962, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilipokaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Cuba, Papa Yohane XXIII aliwasihi watawala kwa njia ya redio wasikilize kilio cha watu. Miezi michache baadaye, tarehe 11 Aprili 1963, alitoa waraka Pacem in Terris, akiwaelekeza maneno yake watu wote wenye mapenzi mema, wala si Wakatoliki peke yao. Tangu 1964 Vatikani ina mwangalizi wa kudumu katika Umoja wa Mataifa, asiye na kura. Mwanafunzi Mkatoliki anayeusoma waraka ule hupata kipimo ambacho kijiwe hakina: haki na wajibu wa kila mtu, na manufaa ya familia yote ya binadamu.

Kipimo hicho hakifanyi majibu yawe rahisi. Tazama Kongo, ambayo kwetu ni jirani wa ng'ambo ya ziwa. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imepokea wakimbizi wake tangu 1996. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, wakati askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa kikosi cha SADC huko, na tarehe 8 Februari viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC wakakutana Dar es Salaam. Mwezi huo huo maaskofu Wakatoliki wa Kongo, pamoja na viongozi wa Makanisa ya Kiprotestanti, walikwenda Goma kuzungumza na waasi. Wapo waliowalaumu vikali kwa kuketi na watu wenye damu mikononi. Sisi tunaona walifanya lililowapasa, lakini lawama ile ina hoja, na kijana anayeweza kuzieleza pande zote mbili bila hasira amekwisha kujifunza kitu.

Parokia inaweza kusaidia bila gharama kubwa. Vikundi vya TYCS hukutana tayari. Vinahitaji ramani ya dunia ukutani, nakala ya Mafundisho Jamii ya Kanisa, na mtu mzima mmoja anayesoma habari kwa uangalifu. Wahitimu wa kidato cha sita wanaosubiri matokeo nao waalikwe kuwaeleza wazazi katika Jumuiya Ndogondogo kinachoendelea Kongo au Gaza, na waulizwe maswali magumu. Kikao kimoja kwa mwezi, baada ya Misa ya pili, kinatosha kuanzia.