Presha Si Wasiwasi

Kila mwisho wa mwezi, magari yatokayo Nairobi na Athi River huwashusha mjini Machakos wafanyakazi wengi wanaorudi kuziona jamaa zao. Mwaka uliopita, katika kituo cha matatu, nilikutana na jirani yetu wa kijijini, fundi wa makamo ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwajiriwa kiwandani huko Mavoko. Tulipokwisha kujuliana hali, nilimwuliza kuhusu maradhi yake ya presha. Akacheka.

"Mwalimu, presha ilikwisha. Karo ya watoto nimemaliza kulipa, deni sina. Vidonge nimeviacha."

Nilimpongeza kwa kumaliza karo, tukaagana. Miezi minne baadaye alipatwa na kiharusi, na hadi leo mkono wake wa kulia hauwezi kushika nyundo wala jembe.

Nimejilaumu mara nyingi kwa pongezi zile. Mimi ambaye kazi yangu ni kuchunguza maana za maneno nilisikia neno likimpotosha mtu, nikanyamaza.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Presha tumelikopa kutoka Kiingereza, na katika Kiswahili cha kila siku limebeba maana mbili. Maana ya kwanza ni ya zahanati, yaani hali ya damu kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Ya pili ni ya mtaani, yaani wasiwasi na bughudha, kama tusemapo "usinipe presha". Mhudumu wa afya hulitamka kwa maana ya kwanza, naye mgonjwa hulipokea kwa maana ya pili. Hapo ndipo inapozaliwa imani kwamba asiye na wasiwasi hana presha, na kwamba vidonge ni vya kumezwa siku ile moyo unapodunda. Istilahi rasmi, shinikizo la damu, haijatuokoa, maana shinikizo nalo hutukumbusha kusukumwa na kulazimishwa.

Ukweli ni kwamba ugonjwa huu aghalabu hauna dalili. Mtu aweza kuishi nao miaka mingi, akilala usingizi mnono na kucheka na wenzake, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika. Wasiwasi waweza kulipandisha shinikizo kwa muda, lakini utulivu wa nafsi hauwezi kuchukua nafasi ya dawa.

Kwa nini nawataja hasa waliohamia mijini? Katika miaka ya 1980, Neil Poulter na watafiti wenzake waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la British Medical Journal yalionyesha kwamba shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi. Vipimo vya mkojo navyo vilionyesha kwamba mlo wao ulikuwa umebadilika: chumvi ilikuwa imezidi, na potasiamu, madini yapatikanayo katika mboga, matunda na jamii ya kunde, ilikuwa imepungua.

Safari ya kijana wa Ukambani haina tofauti kubwa na hiyo. Aliyelelewa kwa muthokoi, mbaazi na maembe ya msimu, akazoea kupanda vilima na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, hujikuta mjini akila chipsi zilizonyunyiziwa chumvi na mchuzi uliokolezwa viungo vya pakiti. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Nani huipima chumvi ya kibandani?

Yamkini msomaji atasema kwamba mfanyakazi anayeamka alfajiri na kulipa kodi ya chumba hachagui chakula, hula kinachopatikana. Nakubali. Waajiri nao wana wajibu wa kuwaruhusu watu wao kwenda kliniki bila kukatwa mshahara. Hata hivyo, kulielewa neno hakuhitaji nyongeza ya mshahara. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulibaini kwamba takriban robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Tunapofundisha maneno yenye maana zaidi ya moja, tuutumie mfano huu, kwani maana zikichanganywa hapa, mtu huweza kupooza au kufa. Nanyi wanafunzi, mzazi anaporudi nyumbani mwisho wa mwezi, msimwulize tu kama anajisikia vyema. Mwulizeni: "Baba, ulipimwa lini? Ilikuwa ngapi?" Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia kuwa hivyo, aonane na daktari. Na kama tayari ameandikiwa vidonge, asiviache kwa sababu tu deni limekwisha.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ugonjwa huu ni wa kimya, na jirani yangu ameusikia mshindo wake. Nilipaswa kumwambia hayo pale kituoni.