Je, Mwimbaji wa Nyumbani Anahitaji Kibanda cha Kurekodia?

Kijana anayeanza kurekodi nyimbo nyumbani kwa kompyuta na maikrofoni moja huambiwa na wenzake kwamba kazi yake haitakuwa safi mpaka ajenge kibanda cha kuimbia. Basi hudunduliza fedha, akanunua mbao na sponji, akajifungia ndani ya sanduku lenye upana wa meta moja na kitu. Maoni yangu ni kwamba, kwa walio wengi, fedha hizo hupotea bure. Na sababu zake zimo katika fizikia tunayoifundisha shuleni.

Kwanza, hatuna budi kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kuna kelele itokayo nje, na kuna mwangwi uzaliwao chumbani. Dawa ya moja si dawa ya jingine. Kelele huzuiwa na ukuta mzito usio na ufa. Mwangwi hupunguzwa na vitu laini vipitishavyo hewa, kama magodoro, mablanketi na nguo. Sponji ni nyepesi mno. Haizuii honi ya gari wala jogoo wa jirani.

Kuhusu mwangwi, mwalimu wetu ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilidumu kwa zaidi ya sekunde 5. Alihamishia humo mito ya viti vya ukumbi mwingine, akapima muda wa sauti kufifia kwa kutumia saa na sikio lake. Aligundua kwamba muda huo, kwa sekunde, ni 0.16 mara ujazo wa chumba kwa meta za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya unyonyaji wa sauti. Kizio cha unyonyaji ni meta moja ya mraba ya dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ipitayo dirishani hairudi.

Tuchukue chumba cha meta 4 kwa 3, chenye kimo cha meta 3. Ujazo wake ni 36, na eneo la kuta, sakafu na dari ni meta 66 za mraba. Saruji tupu hunyonya kama asilimia 2 tu ya sauti. Unyonyaji ni 1.3 hivi, na mwangwi hudumu sekunde 4.4. Ukiingiza godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililofunguliwa, hata unyonyaji ukafikia 10, muda hushuka hadi sekunde 0.6. Mwimbaji akisogea karibu na maikrofoni kwa nusu ya umbali wa awali, nguvu ya sauti yake huongezeka mara 4, ilhali mwangwi hubaki vilevile.

Kibanda chembamba, kinyume chake, huleta tatizo jipya. Baina ya kuta zilizoachana meta 1.2 husimama wimbi lenye urefu wa meta 2.4, yaani mitetemo 143 hivi kwa sekunde, ambayo imo katika sauti ya mwanamume. Robo ya wimbi hilo ni sentimeta 60. Sponji ya sentimeta 5 hailipunguzi sana. Hunyonya sauti nyembamba tu na kuacha nene zivume, na mwimbaji husikika kama aliye ndani ya pipa. Tena katika joto la pwani, sanduku lisilopitisha hewa humchosha upesi.

Sikatai kwamba kibanda kina mahali pake. Anayeishi kando ya barabara kuu, au anayerekodi mwimbaji na ngoma kwa wakati mmoja, anakihitaji. Lakini kiwe kikubwa, chenye kuta nzito, mlango uliozibwa vema na njia ya hewa. Gharama yake si ya mwanafunzi.

Walimu wawape wanafunzi jaribio hili: wapige makofi katika chumba kitupu, kisha katika chumba chenye magodoro, na kulinganisha. Na wawakumbushe kwamba Sabine mwenyewe, aliposumbuliwa na kelele za mji, hakujenga kibanda. Alisubiri usiku utulie, ndipo akapima.