Orodha ya malipo isiharibikie kwenye kompyuta

CHAMA cha msingi kinapowalipa wakulima wa korosho au kahawa kwa simu, kila kitu hutegemea orodha moja: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kilo na fedha. Karani huipakua kutoka kwenye mfumo wa mtandaoni, huifungua, huihifadhi, kisha huituma kwa mlipaji. Hapo katikati ndipo fedha za mkulima zinapoweza kukwama.

Lawama humwangukia karani, na si haki. Orodha hizi mara nyingi hushuka kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Excel ikilifungua huichukulia namba ya simu kuwa kiasi, ikafuta sifuri ya mwanzo. Inayoanza na 255 huonekana kama 2.56E+11. Mbaya zaidi ni namba ya NIDA yenye tarakimu 20: ikiandikwa bila vistari, Excel hubakiza tarakimu 15 tu na kugeuza 5 za mwisho kuwa sifuri. Faili likishahifadhiwa hivyo, tarakimu hizo hazirudi. Dawa ni kulipakua upya.

Dawa ya kuzuia ipo. Karani asilibonyeze faili mara mbili. Afungue Excel kwanza, aingie sehemu ya Data, alilete faili kutoka huko na kuzipa safu za namba aina ya ‘Text’. Excel za tangu 2023 zina mpangilio wa kuzuia ubadilishaji huu, lakini ofisi ngapi za vijijini zina kompyuta hizo?

Simu nazo zina vituko vyake. Kwenye Android faili hukaa katika folda ya Download. Kwenye iPhone huingia katika programu ya Files. Asiyejua hudhani halijashuka, hubonyeza tena na tena, akabaki na nakala zenye (1) na (2), kisha akatuma ile ya zamani kabla ya masahihisho.

Mzigo huu ni wa watengeneza mifumo. Watoe faili la Excel lenye namba zilizokwisha kuwekwa kama maandishi, na jina lake lionyeshe tarehe na saa. Vyama navyo viandike sharti hilo kwenye mkataba: orodha ipakuliwe na kufunguliwa mbele ya karani, kwa kompyuta ile ile iliyoko ofisini, kabla mtengenezaji hajalipwa awamu ya mwisho.