Watoto wasioona na msimu wa mpunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya elimu ya watoto wasioona na wale wenye uoni hafifu katika bonde letu la Kilombero. Ninalotaka kusema ni hili: kumwandikisha mtoto wa namna hiyo shuleni hakutoshi, ikiwa hana mahali pa kulala wakati wazazi wake wanapohamia mashambani.

Kwa msomaji asiyelijua bonde hili, sisi huku ni wakulima wa mpunga, na mashamba ya wengi wetu yako mbali na makazi. Mvua zinapoanza, familia nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani hufunga virago na kwenda kukaa shambani kwa miezi kadhaa. Huko hulima na kupalilia, na mpunga unapoanza kuweka punje hushinda juu ya dungu wakiwinga kweleakwelea. Shule nazo hufunguliwa Januari. Hivyo msimu wa mpunga na muhula wa kwanza huenda pamoja.

Mtoto anayeona aghalabu huachwa nyumbani na kaka au dada zake, wakajipikia na kwenda shule. Asiyeona ni vigumu kuachwa. Wazazi huogopa moto, kisima na barabara, na hatuwezi kuwalaumu. Humchukua shambani, na anaporudi baada ya mavuno wenzake wamekwisha kufika mbali.

Tena hasara yake ni kubwa kuliko ya mwingine. Mtoto anayeona akikosa masomo, huazima daftari la mwenzake akanakili. Asiyeona ataazima la nani, ikiwa darasa zima linaandika kwa kalamu? Maandishi ya nukta nundu, aliyoyabuni kijana wa Kifaransa Louis Braille mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 15, yana nukta sita tu, lakini hutoa alama 63, na kila alama vidole sharti viizoee. Vidole visivyosoma miezi mitano husahau.

Wapo pia watoto wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino. Wengi wao wanaweza kusoma kwa macho wakikalishwa mbele karibu na ubao na kupewa vitabu vya maandishi makubwa. Lakini mtoto mwenye ualbino akishinda shambani juani tangu asubuhi hadi jioni, ngozi yake huungua, na kuungua huko mara kwa mara ndiko kunakoleta saratani. Kwa mtoto huyu, kubaki shuleni ni elimu, na tena ni afya.

Huenda wengine watasema watoto hawa wapelekwe kwenye shule za bweni za wasioona, kama vile Buigiri mkoani Dodoma, Furaha mkoani Tabora au Irente huko Lushoto. Shule hizo zimefanya kazi kubwa kwa miaka mingi na zastahili sifa. Hata hivyo, mtoto wa miaka saba kutoka Mlimba au Malinyi akipelekwa huko, ni mzazi gani mwenye jembe la mkono atakayemudu nauli ya kumfuata kila likizo? Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma katika shule za kawaida pamoja na wenzake. Na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa. Kwetu sisi kikwazo kilichobaki ni malazi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kabla ya Desemba kila mwaka, viongozi wa vijiji na mitaa wakishirikiana na walimu wawaorodheshe watoto wote wasioona vizuri. Pili, halmashauri zetu zichague shule zenye walimu wa elimu maalumu, zijenge hapo mabweni madogo, la wavulana na la wasichana, yenye mlezi wa kuaminika. Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, hata watoto wa Ulanga wanaweza kuletwa Ifakara bila kungoja kivuko. Tatu, mashine za nukta nundu na karatasi zake nzito zifike shule inapofunguliwa, si katikati ya mwaka. Nne, sisi wazazi tuchange mpunga baada ya mavuno kwa ajili ya chakula cha mabweni hayo. Bonde linalolisha miji haliwezi kushindwa kulisha watoto wake wachache.

Nasema wachache, maana najua hoja ya gharama itatolewa. Lakini uchache wao ndio unaolifanya jambo hili liwezekane. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha wanafunzi wasioona kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba hawawezi. Mtoto aliyefundishwa atajitegemea na kulitumikia taifa. Aliyeachwa dunguni atakuwa mzigo kwa nduguze maisha yake yote, na hakujitakia.

Natumaini wahusika watalifikiria jambo hili kabla ya mvua zijazo.

Mkulima na Mzazi,
Ifakara, Morogoro.