Mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya mto asiachwe nje ya faili la wazazi

MSIMU wa maganda ya kahawa ulipokwisha, mkulima mmoja wa kata ya Kanoni, wilayani Karagwe, alinisubiri nje ya ghala la chama cha msingi akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Nilidhani anataka kuniuliza habari za malipo au miche, kwa sababu huku kwetu mtu akisoma chochote chenye neno kilimo huitwa Bwana Shamba, hata kama alichosomea ni hesabu za masoko. Kumbe hakuwa na shida ya kahawa.

"Bwana Shamba," alisema, "mimi na mama watoto tunaomba uraia. Fomu tumeshajaza. Sasa huyu mkubwa wetu ataingia humo humo kwetu, au yeye atabaki mgeni peke yake?"

Mkulima huyu alikuja Kanoni akiwa kijana wa kukata ndizi na kupalilia kwa ujira, akitokea Isingiro, ng'ambo ya mto Kagera upande wa Uganda. Akaoa msichana wa kwao. Mimba ya kwanza ilipokaribia, mke alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi ya familia nyingi za pande zote mbili za mto. Mtoto akazaliwa huko, akaletwa Kanoni akiwa na miezi mitatu. Amesoma hapa tangu darasa la kwanza, na Kinyambo anakizungumza kuliko mimi. Sasa amebakiza takriban miaka miwili kufikisha 18.

Swali la baba yake linastahili kujibiwa kwenye ukurasa wa kilimo kabla halijaenda kwa wanasheria, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuangalie sheria yenyewe, maana wengi wetu tunaizungumzia bila kuifungua.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ina milango mitatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Mgeni mtu mzima huingia kwa mlango wa tajnisi. Pamoja na masharti mengine, ni lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12 awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye halazimiki kutoa sababu za kukubali wala kukataa.

Mtoto ana kifungu chake, cha 10. Kinasema Waziri anaweza kumpa cheti cha tajnisi mtoto mdogo wa raia wa Tanzania, mzazi au mlezi wake akiomba kwa utaratibu uliowekwa. Maneno ni machache ila yana uzito. "Anaweza" si "atampa". Halafu mtoto huyo ni mtoto "wa raia", maana yake baba au mama awe ameshaupata uraia. Na mzazi ni lazima aombe. Cheti cha baba hakimbebi mtoto mgongoni. Wazazi wengi niliozungumza nao wanaamini kinyume chake: baba akishakuwa raia, nyumba nzima imekuwa raia, kama vile jogoo akihama na vifaranga humfuata.

Matokeo yake ni kwamba nyumba moja, chini ya bati moja, inaweza kuwa na watoto wa namna tatu. Wa kwanza, aliyezaliwa Isingiro kabla wazazi hawajapata cheti, ni mgeni mpaka aombewe. Wa pili amezaliwa Kanoni. Kifungu cha 5, ukikisoma kama kilivyoandikwa, kinamfanya raia karibu kila aliyezaliwa nchini baada ya Muungano, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa maadui wakati wa vita. Lakini katika utendaji maofisa hutaka angalau mzazi mmoja awe raia siku mtoto alipozaliwa. Kwa hiyo huyu anaishi kati ya maandishi na mazoea. Wa tatu, akizaliwa baada ya baba kupata cheti cha tajnisi, ni raia hata mama akijifungulia Mbarara, kwa kuwa kifungu cha 6 kinamrithisha uraia. Wote watatu wanakula sahani moja na kulala chumba kimoja.

Tofauti hiyo haionekani mapema. Shule ya msingi haimdai mtoto pasipoti, na walimu wetu, kwa heshima yao, hawana tabia ya kumfukuza mtoto darasani kwa sababu ya mahali mama alipojifungulia. Inaonekana kijana anapofikisha umri wa kujitegemea. Bila kitambulisho cha NIDA hawezi kusajili laini ya simu kama Mtanzania, na tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kuzimwa Januari 2020, asiye na laini kwa jina lake hana pia mahali pa kupokelea fedha za mazao yake. Mkopo wa elimu ya juu ni wa raia tu. Halafu kuna ardhi.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa ukurasa huu wanisikilize. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inakataza asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kijana wa Kanoni mwenye jembe si mwekezaji kwa maana hiyo. Kwa hiyo baba akipata uraia, akamilikishwa kibanja chake kihalali, kisha akafa, wadogo wanaweza kukirithi na kaka yao aliyekilima nao akabaki mtu wa kuvumiliwa.

Kibanja cha Karagwe si shamba la msimu mmoja. Ni migomba na mibuni iliyopandwa pamoja, kazi ya vizazi. Robusta, hata ile miche bora ya vikonyo inayozalishwa na TaCRI Maruku, hukaa shambani miaka kadhaa ikila jasho na samadi kabla haijaanza kukulipa sawasawa. Migomba nayo, tangu mnyauko wa bakteria uingie Kagera katikati ya miaka ya 2000, imekuwa zao la mwenye subira: unang'oa mashina yaliyougua, unapumzisha ardhi, unatafuta machipukizi safi, unaanza upya. Nani atafanya hayo yote kwenye ardhi ambayo mwanawe mkubwa hawezi kuirithi?

Nimepita katika vibanja vya kaya za namna hii kwa miaka kadhaa, na mtu unaweza kubashiri hali ya mwenye shamba bila hata kumuuliza jina. Utakuta maharage, mahindi, viazi, karanga. Mazao ya miezi mitatu au minne, ya mtu aliyezoea kufunga mizigo. Mbolea ya samadi haiendi mbali na mlango. Ng'ombe akinunuliwa ni wa kuuza kabla ya mwaka kwisha. Akihitaji fedha ya haraka, asiye na karatasi za kumdhamini kwenye SACCOS anaishia kwa mnunuzi wa butura, anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ambayo mwenyewe anajua ni ya kunyongwa. Watu husema huo ni uvivu au ujinga wa wahamiaji. Mimi nasema ni hesabu sahihi kabisa iliyopigwa na mtu mwenye muda usiojulikana.

Na muda huo waliwahi kuuona ukikatika. Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali siku 14 waondoke, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu zake; ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewachosha wananchi. Lakini kila aliyekuwa huku anakumbuka jinsi maelfu walivyovuka mpaka, mume upande huu na mke upande ule, na watoto wakigawanywa kwa kufuata asiyekuwa na karatasi. Mkulima wangu wa bahasha aliondoka na familia, akarudi baada ya miezi mitano na kibali mkononi. Maharage yake yalikuwa yamevunwa na asiyeyapanda. Tangu hapo, anasema, hakupanda tena kitu kinachozidi msimu mmoja.

Wapo watakaosema kwamba kuwafungulia watoto hawa ni kuufungua mpaka wote. Hoja hii naielewa, nami ninaishi mpakani. Lakini mtoto aliyeandikwa kwenye faili la wazazi wake ana jina, picha, kijiji na mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu. Ambaye hakuandikwa ndiye asiyejulikana, na akifika 18 atashawishika kutafuta njia ya mkato: cheti cha kuzaliwa cha uongo, mjomba wa kununua, mwenyekiti wa kumhonga. Tunamfundisha kosa la jinai ndiyo apate alichoweza kuombewa waziwazi. Isitoshe, shaka hiyo haiishii kwa mgeni. Wanyambo na jirani zao wa ng'ambo wanafanana kwa lugha na majina, na Mtanzania halisi wa Karagwe anajua maana ya kuulizwa mara tatu babu yake alizikwa wapi.

Jambo hili si geni kwa nchi yetu. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa wameingia nchini tangu mapinduzi ya kwao ya mwaka 1959, wengi wao wakiishi mikoa hii ya magharibi. Baadaye ikaja zamu ya Warundi wa mwaka 1972 waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu: walioomba wakakubaliwa walikuwa 162,156, idadi ambayo nchi chache sana duniani zimewahi kuipokea kwa mkupuo. Ng'ambo ya mto, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja Wanyarwanda miongoni mwa jamii za asili za nchi ile. Kenya nayo iliwatambua Wamakonde mwaka 2016, kisha Washona.

Ila katika habari ya Warundi wale kuna somo la kalenda. Maombi yalijazwa mwaka 2008, kukubaliwa kukatangazwa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 wakati fomu zinajazwa alikuwa na miaka 19 vyeti vilipofika. Sasa chukua kalenda kama hiyo uiweke juu ya kifungu cha 10, kinachozungumza juu ya mtoto mdogo wa mtu ambaye tayari ni raia. Baba asubiri chake kwanza, ndipo amwombee mwanawe. Na huku akisubiri, mwana anaota ndevu. Akishavuka 18, kifungu kile kimempita na anaanza foleni kama mgeni aliyeshuka jana kwenye basi la Mutukula, kwa masharti na ada ya mtu mzima.

Ndiyo maana nasema mtoto aliyezaliwa nje aingie kwenye faili siku ile ile wazazi wanapoomba, na umri wake uhesabiwe kwa siku maombi yalipopokelewa ofisini, si siku waziri aliposaini. Kama kanuni zinahitaji kurekebishwa kwa ajili hiyo, zirekebishwe; ni mstari mmoja. Kamati za ulinzi na usalama za wilaya na mkoa, ambazo tayari humjadili baba, zimjadili na mtoto kwa kikao hicho hicho. Itapunguza hata posho. Ada ya mtoto anayeombewa pamoja na wazazi iwe ndogo, kwa sababu kaya yenye watoto watatu haiwezi kuuza kibanja ili ipate haki ya kumiliki kibanja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeshasema kila mtoto ana haki ya jina na utaifa. Hapa tunadaiwa utaratibu tu.

Wazazi nao wasijifiche nyuma ya serikali. Nimekutana na baba aliyeomba uraia akamwacha mtoto nje ya maelezo yake kwa kuogopa kwamba kukiri kuzaliwa Uganda kutaharibu maombi. Ukweli uliofichwa kwenye fomu ndio unaoharibu. Kumbukumbu za kuzaliwa zitafutwe mapema zilikotoka. Kwa waliozaliwa Uganda, ofisi inayohusika ni NIRA. Wajue pia kwamba nchi yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kijana atapaswa kuukana ule wa alikozaliwa. Ni vyema azungumziwe jambo hilo akiwa na akili yake, asije akalisikia siku ya kusaini.

Mkulima wangu alipotoka ghalani nilikuwa nimemwandikia nyuma ya bahasha mambo matatu: cheti cha kuzaliwa cha Isingiro, barua ya mkuu wa shule, na kwenda ofisi ya uhamiaji na kijana mwenyewe. Aliniuliza fedha ya safari aitoe wapi, kwani aliyokuwa nayo ilikuwa ya mbegu ya maharage. Kijana alikuwa pembeni, akiwasomea wazee namba za mizani. Nikamwambia aende Isingiro kwanza. Ya mbegu tutaiongea na chama Jumatatu.