Pesa ya Gemu Hurudi, Bando Je?

Jamani, leo nitalisema. Juni 2015 ilitoka gemu ya Batman: Arkham Knight. Kwenye PlayStation 4 ilikwenda vizuri, lakini toleo la kompyuta lilikuwa aibu: lilifungwa lisizidi picha 30 kwa sekunde, na hata hizo wengi hawakuzipata. Wiki haikuisha, Warner Bros. wakasimamisha mauzo hadi Oktoba.

Wanunuzi walirudishiwa pesa, kweli. Lakini sisi wa huku Nyacheki gemu tunailipia mara mbili: kwanza bei yake, halafu bando la kuishusha, gigabaiti baada ya gigabaiti, usiku kucha ukiomba stima isipotee. Bando hilo harudishi mtu.

Mimi pia naandika programu. Najua kuhamisha gemu ya konsoli ni kazi: kompyuta zina kadi za picha za kila aina, na bosi ameshatangaza tarehe. Lakini fundi cherehani hakupi suti yenye mkono mmoja akuambie urudi mwezi ujao. Haijaiva? Ahirisheni. Ijaribuni kwenye mashine za kawaida, si zile za ofisini tu. Mteja si mjaribu wenu wa bure. Amelipa.